Nisome au Nitazame? Hadithi Sita, Kitabu Kando ya Filamu

Binti wa jirani yangu hapa Walukuba, Jinja, alinijia jioni moja na karatasi ya jaribio aliyoikunja mara nne. Walikuwa wameulizwa hadithi ya Shamba la Wanyama inaishaje. Kwa mwandiko wake ule wa kupendeza, akaeleza kwamba wanyama walichoshwa na dhuluma ya nguruwe Napoleon, mtawala wao, wakaitana kutoka mashamba ya mbali, wakaivamia nyumba yake na kumwangusha. Akapata sifuri. Pembeni hapakuandikwa neno hata moja, ni mstari mwekundu tu kutoka kona hadi kona.

"Shangazi, mimi niliona kwa macho yangu," akaniambia, machozi yakimlengalenga.

Na kweli aliona. Shuleni kwao vitabu havikutosha darasa, na mtu fulani akawaambia filamu inafaa vilevile. Alichotazama ni ile filamu ya katuni ya mwaka 1954, iliyotengenezwa Uingereza na John Halas na Joy Batchelor. Humo wanyama wanaasi mara ya pili na kushinda. Lakini George Orwell, katika kitabu alichokitoa mwaka 1945, hakuwapa ushindi wowote. Anawaacha nje gizani, wakichungulia dirishani, wakiwatazama nguruwe na wanadamu wakicheza karata meza moja, na hawawezi tena kutambua yupi nguruwe na yupi mtu. Basi, hapo ndipo mwisho.

Kilichobadilisha mwisho huo ni siasa. Pesa za filamu zilitoka kwa siri katika shirika la ujasusi la Marekani, CIA, enzi za Vita Baridi, na wenye pesa walitaka hadithi itakayowatia watu hamasa dhidi ya ukomunisti. Orwell alikuwa amefariki tangu mwaka 1950, hakuwapo wa kukataa. Kwa hiyo kitabu kinakuachia donge kooni na filamu inakuondolea donge lile lile. Ukiuliza uanze na kipi, nakujibu bila kusita: kitabu. Ni kifupi, jioni mbili unakimaliza, na tafsiri ya Kiswahili ya Fortunatus Kawegere ipo tangu mwaka 1967. Filamu ina dakika 72, itazame baadaye, na watoto wakiwepo waulize kwa nini waliotengeneza waliuogopa ule mwisho wa kwanza.

Tangu jioni ile nina utaratibu wangu. Kabla sijamshauri mtu, naweka kitabu na filamu kando kwa kando, najiuliza utamu wa hadithi hii umekaa wapi. Kuna hadithi ambazo utamu wake umo ndani ya maneno yenyewe, au ndani ya kichwa cha mhusika, mahali ambapo kamera haifiki. Hizo nasoma kwanza. Kuna nyingine ambazo utamu wake umo katika nyuso za watu, sauti zao na mahali wanapoishi, na hizo naona afadhali kuzitazama kwanza. Kanuni hiyo hunikwamisha mara mojamoja, nitaonyesha wapi.

Mfuko na umeme

Gharama nazo zina neno. Riwaya ya Kiswahili hapa Uganda ni kitu cha kuwinda. Maduka ya vitabu ya Kampala yana vitabu vya kiada vya Kiswahili, hasa tangu serikali ilipoanza kukisukuma shuleni, lakini riwaya ni za kuhesabu. Zangu nyingi zimekuja na basi la Nairobi, au mkobani mwa ndugu aliyepita Mutukula akitokea Bukoba. Filamu haina taabu hiyo. Unapeleka flashi kwenye kibanda cha karibu, unajaziwa kwa bei ya chapati mbili. Mwandishi na mwongozaji hawaoni hata senti katika chapati hizo, na jambo hilo linaniuma, lakini nikijifanya njia hiyo haipo nitakuwa nawadanganya wasomaji.

Upande wa kitabu una faida ambayo watu huisahau. Nakala yangu moja imeshasomwa na watu kumi na mmoja, majina yao nimeyaandika ndani ya jalada, na haijawahi kuhitaji bando wala umeme.

VJ naye ni mfasiri

Hapa kwetu filamu yenyewe si moja. Ukiingia banda la video, VJ hupunguza sauti ya waigizaji, hushika maikrofoni na kukusimulia kwa Kiganda papo hapo. Hufafanua, hutania, humhamishia jambazi wa Chicago mtaa wa Kisenyi. VJ Jingo anajulikana na watazamaji wengi kuliko waongozaji wa filamu anazozitafsiri. Wapo wasomi wanaowadharau watu hawa, mimi simo. Mwalimu Julius Nyerere alipoichukua tamthilia ya Shakespeare na kuitoa kwa Kiswahili mwaka 1963, alifanya kazi ya ukoo mmoja na hiyo: kumleta mgeni nyumbani na kumfundisha kusema nasi. Tofauti ni kwamba Mwalimu aliweza kuirudia tafsiri yake, akaisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. VJ hana nafasi ya kurudi. Sentensi ikimtoka imetoka.

Kwa hiyo hadithi inayosimama kwa matukio, mfuate VJ, utafurahi na utaelewa. Hadithi inayosimama kwa neno lilivyosemwa, usiichukue kwake.

Vuta N'kuvute: hapa nilianza vibaya

Riwaya ya Shafi Adam Shafi ilitoka mwaka 1999. Filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021 katika tamasha la Toronto, na Tanzania ikaipeleka kuiwakilisha kwenye Oscar. Hadithi ni ya Unguja ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mbali sana. Anamkimbia, watu wake wanamkataa, Mwajuma anampokea, kisha anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru huku polisi wa Mwingereza wakimwinda.

Nilikianza kitabu nikiwa na miaka ishirini na kitu, nikakiweka chini kabla ya ukurasa wa hamsini. Nasema hivi kwa sababu najua si mimi tu. Wengi wetu Uganda Kiswahili tumekipata sokoni Busia, kambini, kwenye malori ya Malaba. Ni Kiswahili cha kazi, chepesi, kinachokwenda moja kwa moja. Cha Shafi ni cha Unguja, kina vijembe ndani ya vijembe, na mtu anaweza kutukanwa ukurasa mzima bila kutajwa jina. Nilikuwa nayaona maneno lakini sisikii sauti.

Filamu ilinipa sauti. Siti Amina, ambaye ni mwimbaji hasa, ndiye Mwajuma, na anavyobinya maneno na kucheka katikati ya sentensi ndivyo nilivyopaswa kusoma tangu mwanzo. Nilirudi kitabuni wiki ile ile. Safari hii kila Mwajuma alipofungua kinywa nilimsikia, na vile vijembe vilivyonishinda vikanichekesha peke yangu kitandani.

Lakini angalia kilichobaki kwenye karatasi. Filamu ina saa moja na nusu hivi, na imeamua kukaa na Yasmin na Denge, mapenzi yao na mapambano. Imefanya vizuri kuamua. Vichochoro vya Mji Mkongwe usiku, mwanga wa taa ukiangukia ukuta uliochakaa, vitu hivyo kamera inavijua kuliko kalamu. Kitabu chenyewe ni kipana zaidi. Kinampeleka Yasmin hadi Mombasa, kinampitisha katika ndoa zaidi ya moja, kinamwacha akue. Katika filamu Yasmin ni msichana aliyependa. Katika kitabu ni mtu aliyeishi, aliyekosea na kujirekebisha, na Denge ni sehemu tu ya maisha yake. Ukiitazama filamu pekee utadhani hadithi ni ya Denge na mapinduzi. Msomaji wa kitabu anamfunga Yasmin moyoni.

Ushauri wangu kwa Mganda: tazama kwanza, kisha soma, na usikubali kuishia njiani. Kama umekulia pwani, geuza.

The African Queen: maporomoko yetu, vita vya jirani

Hii nitaipita haraka. Riwaya ya C. S. Forester ni ya mwaka 1935, na inazungumzia Tanganyika ya Wajerumani mwaka 1914: mwanamke Mwingereza na fundi wa mashua wanateremka mto kwa mashua kuukuu, wakitaka kuilipua meli ya Wajerumani. Filamu ya John Huston ya mwaka 1951, yenye Katharine Hepburn na Humphrey Bogart, ilipigwa Kongo na huku kwetu, upande wa maporomoko ya Murchison. Bogart alipata Oscar yake ya pekee kwa kazi hiyo.

Mwisho, tena, si mmoja. Kitabuni mashua yao inazama katika dhoruba bila kugusa meli ya adui, wanakamatwa, na meli ya Wajerumani inakuja kuzamishwa na Waingereza wengine. Wale wawili walihangaika bure, na Forester halifichi hilo. Kwenye filamu wanafungishwa ndoa chini ya kitanzi, mara mabaki ya mashua yao yanailipua meli. Filamu inamlipa shujaa, kitabu hakimlipi.

Anza na filamu kama unataka kuuona mto wetu wa miaka ya 1950, kwa kuwa sehemu hizo ni tamu. Ila katika vyote viwili Waafrika ni kama miti ya ukingoni: wanaimba kanisani, kijiji kinachomwa, hawaonekani tena. Kijana akiitazama peke yake, mwambie mapema.

The Last King of Scotland: anayesimulia ni nani?

Giles Foden alikitoa kitabu mwaka 1998. Kevin Macdonald akaitoa filamu mwaka 2006, akiipiga hapa hapa Uganda. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kumwigiza Idi Amin, na akapata Oscar. Anastahili. Yale macho yanavyohama kutoka kicheko hadi ghadhabu kabla hujavuta pumzi, hakuna ukurasa unaoweza kukupa.

Tatizo langu ni yule daktari. Nicholas Garrigan, Mskoti kijana, hakuwahi kuwepo. Ni mtu wa kubuni, lakini nimekutana na vijana wanaomtaja kama mtu wa historia, wakieleza alivyofanya mapenzi na Kay, mke wa Amin. Hilo ni la filamu. Katika kitabu mpenzi wa Kay ni daktari mwingine. Kay Amin mwenyewe alikuwepo, na alikufa kifo cha kutisha mwaka 1974. Kumtwika mwanamke aliyekufa vile mapenzi ya mtu asiyekuwepo, ili tu hadithi ipate moto, ni jambo nisiloweza kulisifu.

Kitabu pia ni cha kubuni, ila kinajitambulisha. Tangu mwanzo unajua kwamba Garrigan ameketi kisiwani Uskoti miaka baadaye, anaandika, anajitetea. Unasoma huku umemkazia jicho. Filamu inaishia kwa mateka wa Entebbe mwaka 1976, na kitabu kinaendelea hadi majeshi ya Tanzania yanapoingia mwaka 1979. Kwa sisi wenye kusema Kiswahili miaka hiyo mitatu si midogo. Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi ikabaki lugha ya bunduki. Kisha wakaja wakombozi na Kiswahili kingine. Mama yangu husema mara yake ya kwanza kumsikia mwanajeshi akitamka "tafadhali" ilikuwa mwaka 1979, barabarani, walipoombwa maji ya kunywa.

Mzee aliyeishi enzi hizo anaweza kuanza na filamu, ataona mwenyewe pale inapoteleza. Kijana aanze na kitabu. Watoto waachwe mbali na filamu hii kabisa.

Queen of Katwe: filamu, bila mashaka

Hapa ndipo kanuni yangu inaponikwamisha, maana kitabu ni habari za kweli, na kwa kawaida habari za kweli husema nisome kwanza. Tim Crothers, mwandishi wa michezo kutoka Marekani, alikitoa mwaka 2012 baada ya makala yake ya jarida kusomwa sana. Ni kisa cha Phiona Mutesi, mtoto wa Katwe, mtaa wa kimaskini wa Kampala, aliyemfuata kaka yake hadi kibanda cha Robert Katende, ambako watoto walipewa uji na kufundishwa sataranji, au chesi kama wengi tunavyoiita. Crothers ametulia vizuri kwa Katende. Anaeleza utoto wake, mpira wake, jinsi alivyofika kwa wale watoto. Bila sura hizo humwelewi mwalimu yule.

Lakini kitabu kimeandikwa kwa ajili ya mtu asiyeijua Kampala. Kinaeleza umaskini kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, na mimi nilijikuta naelezwa mambo ya mlangoni kwangu. Mira Nair, aliyeongoza filamu ya mwaka 2016, ameishi Kampala miaka mingi na alianzisha hapo shule ya filamu ya Maisha mwaka 2004. Yeye haelezi. Anaonyesha kitenge, tope, mahindi ya kuuza, mama anayehesabu noti mara mbili. Lupita Nyong'o, kama Mama Harriet, anasimama vile mama zetu wanavyosimama wakiwa na hasira na hawana pesa. Mwaka ule nilikuwa nimekaa kati ya Mama na mwanangu, wote wawili wakaingiwa na kicheko kimoja, kwa sababu sisi sote tunalijua pozi lile.

Mwishoni kabisa kila mwigizaji anasimama kando ya mtu halisi aliyemwigiza. Mama alishika mkono wangu. "Kumbe wapo," akasema. Tulipofika nyumbani ndipo akaniomba nimsomee kitabu, sura za Katende, kwa kuwa macho yake hayawezi tena herufi ndogo. Kwa mpangilio huo kitabu kilikaa mahali pake: kikawa jibu la maswali aliyotoka nayo kwenye filamu.

Juliasi Kaizari: vyote viwili, kwa sauti

Shakespeare hakuandika vitabu vya kusomwa kimya, aliandika maneno ya kusemwa, kwa hiyo swali la kuchagua halimfai sana. Filamu zipo nyingi. Ninazozipenda ni mbili. Ya kwanza ni ya mwaka 1953, nyeusi na nyeupe, Marlon Brando akiwa Antoni. Ya pili ni ile ya mwaka 2012, ambapo Gregory Doran wa Royal Shakespeare Company alikihamishia kisa chote katika nchi ya Afrika ya leo, kwa waigizaji weusi, na BBC wakairekodi. Kiongozi anayepewa taji, wenzake wanaonong'onezana, jeshi linalogawanyika: haikuhitaji maelezo mengi kwa watu waliokulia Uganda. Ukitaka kuonja mapema, anza na hiyo ya 2012. Kiingereza chake hata hivyo ni kigumu, na hapo ndipo tafsiri ya Mwalimu inapokuokoa. Isome tukio moja kabla ya kulitazama.

Mwezi uliopita tulikuwa sebuleni kwangu na ile ya 1953, watu saba. Antoni akapanda jukwaani kandokando ya maiti, akafungua kinywa, na umeme ukakatika. Watoto wakalalamika. Nikachukua nakala yangu ya Mwalimu, mwanangu akawasha tochi ya simu, tukaendelea pale pale. Yeye akawa Antoni. Sisi wengine tukawa wananchi wa Roma, na kwa kuwa wananchi wale hupiga kelele wakidai wasia usomwe, jirani wa nyumba ya tatu akaja kuuliza kuna nini. Akapewa kiti, akawa mwananchi wa nne.

Umeme ulirudi saa nne kasoro. Tukairudisha filamu nyuma hadi jukwaani. Binti yule wa karatasi ya sifuri hakukaa tena na wenzake, alikuja kuketi chini karibu na miguu yangu, akaniomba kitabu, akakiweka magotini na kuanza kufuata hotuba ya Brando kwa kidole, mstari kwa mstari, akitafuta uliorukwa.